Muulize Bibi Shamba: Mimea imelegea, niongeze maji?

Haya jamani, tumeingia kwenye ule msimu. Vuli imeshaondoka, masika bado iko mbali, kaskazi inavuma lakini inavuma na joto lake, na simu yangu imejaa picha za majani yaliyolala kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Dar saivi mchana ni nyuzi 32, 33, na usiku hata feni inachoka. Karibu kila aliyeandika mwezi huu anamalizia na swali lilelile, niongeze maji? Na mi niseme mapema msije mkasema sikusema, mimea mingi ninayotumiwa picha haijauliwa na jua, jua limeijeruhi tu, aliyeimalizia ni mwenyewe kwa ndoo ya maji na kijiko cha mbolea. Twende na barua.

Shikamoo Bibi Shamba. Nina nyanya kwenye ndoo kumi nyeusi za lita 20, nimezipanga mbele ya nyumba kwenye pevingi. Zilikua vizuri mpaka nikawa natamba kwenye grupu la wasap la mtaa, sasa toka katikati ya Januari zinatoa maua mengi alafu yote yanadondoka, na zile nyanya chache zilizokuwepo zimekuwa nyeusi chini kama zimepigwa pasi. Namwagilia asubuhi, mchana na jioni, kikombe kimoja kila ndoo. Jirani kasema niweke Urea. Nifanyeje? – Mama Wawili, Tabata

Marahaba mwanangu. Kwanza Urea iache hukohuko dukani. Mmea uliochoka na joto ukiutia mbolea ya chumvichumvi ni kama mtu ametoka kubeba zege juani unampa pilipili badala ya maji. Itaunguza mizizi, na hata isipounguza itakuletea majani mengi mabichi mazuri ya kupigia picha na tunda hamna.

Sasa maua. Huo sio ugonjwa. Nyanya ni mgeni hapa kwetu, asili yake ni Amerika Kusini kule upande wa milima ya Andes, na ua lake lina masharti. Mchana ukishapita kama nyuzi 32 alafu usiku nao ukagoma kushuka chini ya 24 hivi, ule unga wa ua, chavua, unaharibika, ua halishiki, mmea unaliangusha. Watu wanalalamikia jua la mchana lakini kwa nyanya usiku ndo tatizo kubwa zaidi. Lushoto jua lipo ila usiku watu wanajifunika blanketi, ndo maana nyanya za kule zinashuka kwenye masoko yetu huku wewe unafagia maua kwenye pevingi. Hata zile zitakazoshika joto likiwa hivi mara nyingi haziivi nyekundu, zinaishia rangi ya chungwa, kwasababu ule wekundu hautengenezwi vizuri ikizidi nyuzi 30. Ni salama kula, wala usizitupe.

Alafu kuna hiyo ndoo nyeusi. Fanya hivi, saa nane mchana toka nje uweke kiganja ubavuni mwa ndoo, upande unaopigwa na jua, uhesabu mpaka kumi. Ukishindwa kufika kumi jua kwamba mizizi iliyogusa ule ubavu nayo imeshindwa, tofauti yenu we unaweza kutoa mkono. Na pevingi nayo inahifadhi moto, saa tatu usiku ukikaa juu yake bado ina uvuguvugu, kwaiyo ndoo zako zinapikwa mchana na kuwekwa kwenye hotpoti usiku. Hamisha upande wa mashariki wa nyumba zipate jua la asubuhi mpaka saa tano hivi alafu kivuli cha ukuta kiingie. Usiziweke moja kwa moja kwenye pevingi, tafuta matofali mawili mawili au vipande vya mbao upitishe hewa chini. Zisogeze zikae karibukaribu zikingane. Na ubavu wa ndoo uvishe kiroba cheupe au upake chokaa, ile ya kawaida ya kupaka ukuta, mi nilipaka za kwangu mwaka juzi na mume wangu akasema nyumba imekuwa kama kambi ya jeshi, lakini pilipili zilikaa vizuri.

Weusi wa chini ni kuoza kitako. Tunda limekosa kalsiamu, na mara nyingi kalsiamu kwenye udongo ipo isipokuwa inasafiri na maji, na maji yako yanakuja kwa kushtukiza. Kikombe mara tatu kwa siku kinalowesha juu tu, chini kukavu. Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili, kikitoka kikavu mwaga maji taratibu mpaka yatokee kwenye matundu ya chini (natumaini umetoboa matundu mama, kama hujatoboa anzia hapo). Fanya saa kumi na mbili asubuhi. Jioni chomeka kidole tena, kikitoka na udongo umeganda acha, kikitoka kikavu mpe tena ashibe. Vile visahani vya chini mwaga maji yanayobaki, mbu wa dengi hawahitaji bwawa.

Na ukweli wenyewe ni kwamba Dar nyanya ya kwenye ndoo unaipangia kalenda, mbegu unasia Aprili au Mei, maua yanakuja Juni mpaka Agosti kusi inapopuliza na usiku umepoa. Ukitaka kabisa kulazimisha kipindi hiki panda zile ndogondogo kama zabibu, hizo zinavumilia zaidi kushika.

Bibi Shamba mambo. Kuna ubishi hapa kijiweni, kumwagilia mchana kunaunguza majani kwasababu tone la maji linakuwa kama lenzi, kweli au uongo? – Mbishi wa Ubungo

Poa. Kwa majani laini yasiyo na manyoya, uongo. Tone lililolala kwenye jani la hivyo haliwezi kukusanya jua la kutosha kuliunguza. Ila nakuomba usiende kumwambia mwenzio kwamba umeshinda kabisa maana kuna kitu kinaunguza kweli, nacho ni mpira. Mpira wa maji uliolala juani toka asubuhi, ukifungua bomba saa saba yale maji ya mwanzo ni ya kunyonyolea kuku. Mi niliua kitalu kizima cha mchicha hivyo, nikamlaumu mbegu, nikamlaumu aliyeniuzia, kumbe ni mi mwenyewe. Tangi jeusi lililo juu ya paa nalo ni hivyohivyo. Achia maji kwenye ndoo kwanza, yagusie mkono. Na hata yakiwa ya baridi mchana yanapotea bure hewani. Lakini mmea ukiwa umekauka kweli, udongo mkavu mpaka chini, usisubiri jioni kwa ajili ya sheria, mpe maji palepale, mpe kwenye udongo.

Shikamoo. Nimepanga Mbagala, nina kipande nyuma ya nyumba, bamia, mchicha, pilipili mbuzi. Nilisikia kwenye redio kwamba nitandaze nyasi kavu juu ya udongo ili usikauke. Nikatandaza. Mama mkwe kaja toka Rufiji kukaa na sisi, kila asubuhi saa kumi na moja unusu nasikia ufagio, ananifagilia nyasi zangu zote anachoma moto, anasema mwanamke gani anakaa na takataka nyuma ya nyumba, na nyoka watakuja. Nimemweleza hataki. Mume kasema tuyamalize wenyewe. Saidia. – Mkwe Mtiifu

Marahaba mwanangu, pole, barua yako nimeisoma mara mbili kwa kicheko na mara moja kwa huruma.

Mama yako amelelewa kama nilivyolelewa mimi. Uwanja wa nyumba unafagiliwa mpaka unabaki na michirizi ya chelewa, na hiyo michirizi ndo inaonyesha kwamba humu ndani kuna mtu. Na kwa uwanja yuko sawa kabisa, mchanga mtupu unamuona nyoka, unamuona nge, mtoto anacheza. Kosa ni kufagia bustani kama uwanja. Udongo ukiachwa uchi mwezi wa pili huu unakunywa jua mpaka ndani, maji uliyomwaga asubuhi saa nane hayapo, na wale wadudu wadogo na minyoo wanaoshughulika pale juu wanahama au wanakufa.

Usimweleze tena, mwonyeshe. Siku moja saa nane mchana mwombe mtoke wote bila ndala. Mkanyage kwanza pale alipofagia. Mtaruka. Alafu pale ambapo nyasi zimelala tangu jana (ficha hata hatua mbili tu asizione), zisogeze kwa mguu mkanyage chini yake. Pamepoa, na ukichota kiganja cha udongo unashikamana kidogo, una ile harufu ya mvua. Mi mama yangu nilimshinda hivyo, hakusema kitu, aliguna tu, lakini ufagio ukaanza kuishia kwenye mpaka wa bustani.

Mpatie na heshima yake pia. Weka mpaka wa mawe au chupa zilizopinduliwa, upande huu wa mama, unafagiliwa, upande ule ni shamba. Kinachofanana na takataka kifanye kifanane na kazi, tumia pumba za mpunga badala ya nyasi ndefu, mashine za kukoboa wanakupa kiroba kwa hela kidogo au bure, zinalala sawa zinapendeza na nyoka hana pa kujificha kwenye kitu cha vidole vitatu. Makumbi ya nazi yaliyochanwachanwa nayo ni mazuri sana, yanakaa muda mrefu. Nyasi ukizitumia ziwe hazijatoa mbegu, vinginevyo masika utalima magugu.

Unene kama upana wa kiganja kwa nyasi kwasababu zinalala, pumba nusu yake inatosha. Usisogeze mpaka kwenye shina, acha duara la vidole vinne pembeni ya kila shina. Hapo nina kovu langu, nililundika kwenye pilipili mbuzi mpaka shingoni nikidhani nazifunika shuka, ndani ya wiki tatu shina limelainika, limeoza, nikang'oa sita. Na mchwa wanakuja, ndio, hasa nyasi zikiwa kavu kabisa na udongo mkavu chini yake, kwaiyo mwagilia kwanza ndo utandaze, na usitandaze kugusa ukuta wa nyumba wala nguzo ya mbao, mwenye nyumba naye asije akaandika barua hapa.

Kuhusu kuchoma, mwambie jivu analopata alilete, kidogokidogo linafaa. Sio kila siku sehemu moja.

Bibi Shamba, niko Morogoro. Bilinganya zangu zinanyauka ghafla, majani bado ya kijani kabisa, jana mzima leo kalala. Nimeongeza maji mara mbili kwa siku lakini unaongezeka mwingine na mwingine. Ni joto? – Kijana wa Mji Kasoro Bahari

Hapana, na acha maji sasahivi kabla hujasoma mbele.

Mmea ulionyauka kwa jua unalala saa nane na kuamka saa moja jioni. Maboga na matango yanafanya hivyo kila siku, yana majani makubwa, yanalegea kupunguza kupoteza maji, wala hayahitaji kitu. Wa kuangalia ni ule ambao alfajiri, kumepoa, bado umelala. Hapo kuna jambo kwenye mizizi au ndani ya shina.

Chukua glasi ya kioo, maji safi. Kata shina la mmea uliolala karibu na udongo, kipande cha urefu wa kidole, kiloweke ncha moja ndani ya maji bila kukitikisa, kishikilie au kiegemeze kwenye kijiti. Inama uangalie dhidi ya mwanga, dakika chache tu. Ukiona nyuzi nyeupe nyembamba zinashuka toka kwenye mkato, kama maziwa yanadondokea kwenye maji, huo ni mnyauko wa bakteria, na unapenda sana udongo wa moto wenye majimaji, yani wewe umekuwa ukimwandalia chai. Hauna dawa ya kupulizia, yeyote atakayekuuzia anakuuzia chupa. Ng'oa mmea na mizizi yake, choma, usitupe kwenye mboji. Osha jembe na viatu, maana udongo wake ukibeba unapeleka kwingine, na maji yasitiririke toka hapo kwenda kwa mizima. Na hapo usirudishe nyanya, bilinganya, pilipili, viazi mviringo wala nyanya chungu kwa miaka kadhaa, wote ni ukoo mmoja. Panda mahindi au kunde.

Maji ya kwenye glasi yakibaki safi, chimba uangalie mizizi. Ikiwa ya kahawia na inavuliwa ganda kama tambi iliyoiva sana, umeizamisha.

Salaam. Mchicha na maharage yangu kingo za majani zinakauka kahawia, katikati kijani. Nina kisima, maji hayakatiki, namwagilia kidogokidogo asubuhi na jioni. Udongo unakuwa na vumbi jeupe juu. Wanasema ni jua. – Baba Mapacha, Kigamboni

Waalaikum salaam baba. Onja maji ya kisima chako. Chai yake ikoje? Huku pwani visima vingi vina chumvi, na kiangazi ndo inajitokeza zaidi. Jua linavuta maji, chumvi haivutwi, inabaki, kesho unaongeza nyingine, na hilo vumbi jeupe ni hesabu ya chumvi uliyoleta. Mmea unakunywa maji lakini hauyapati, unakauka kingo huku umesimama kwenye tope.

Kwaiyo ile tabia ya kidogokidogo kwako wewe ni mbaya kuliko kwa mtu wa bomba. Mwagilia kwa nafasi lakini uzamishe, chumvi isukumwe chini ya mizizi, na udongo wenu wa mchanga unakubali. Usimwagie majani, mwagia chini. Samadi ya kuku mbichi ikae pembeni, nayo ina chumvi zake na moto wake, iive kwanza. Matandazo kama niliyomwambia Mkwe Mtiifu yatapunguza maji yanayopaa, na chumvi itapungua nayo. Masika ikija mvua itakuoshea bure, tega na bati, ujaze kila kilicho na mfuniko, hayo ndo ya miche.

Maharage achana nayo hapo, ni katika vitu dhaifu kabisa kwa chumvi. Spinachi inavumilia vizuri, mchicha unajitahidi. Na minazi si unaiona ilivyosimama.

Asalaam aleikum Bibi Shamba, mimi niko Mombasa, Kisauni. Sukuma wiki yangu tangu Januari imekuwa ndogo, kali, na imejaa vidudu vya kijivu chini ya majani. Nimeambiwa ninunue neti ya kivuli lakini dukani wako na aina nyingi, asilimia hii na hii. Nichukue gani? – Shabiki wa Sukuma

Waalaikum salaam. Sukuma ni ukoo wa kabichi, inapenda ubaridi, kwenye joto inakuwa ngumu na chungu, na vidukari vinaipata ikiwa imechoka. Chukua neti ya asilimia 30 mpaka 50, hiyo asilimia ni kiasi cha jua inachozuia. Ile ya 75 ni ya kuegeshea gari, mboga ikiwekwa chini yake inarefuka shingo kutafuta mwanga. Ifunge juu, mita mbili hivi, upepo upite, wala usiilaze juu ya majani maana unatengeneza tanuri. Ukikosa hela makuti machache yaliyoachanishwa juu ya fito yanafanya kazi ileile, kivuli cha madoadoa. Vidukari vioshe kwa maji ya nguvu chini ya majani asubuhi, siku tatu mfululizo. Na ukipita chini ya majani ukaona utando mwembamba kama wa buibui na jani juu lina vitonetone vya njano, gonga jani juu ya karatasi nyeupe, ukiona nukta zinatembea huo ni utitiri, mdudu wa joto na ukavu, nao dawa yake ya kwanza ni maji hayohayo ya chini ya jani.

Lakini mwanangu, kwani lazima sukuma? Umekaa pwani, pwani ina mboga zake. Mchicha kwa hili jua unakua huku unaimba, ni mmea uliojengwa kwa joto. Kunde, majani ya viazi vitamu (huku Dar matembele), bamia, kisamvu, hivi vyote Februari haviulizi kitu zaidi ya maji. Giligilani na letesi ndo usijaribu kabisa, giligilani itakimbilia kwenye maua kabla hujakata mara ya pili, na mbegu ya letesi udongo ukiwa wa moto inagoma hata kuota, inalala. Sukuma ipumzishe, uirudishe Mei.

Asalaam alaykum bibi yangu. Mimi niko Muscat, mwenyeji wa Unguja. Saivi huku kuzuri kabisa, baridi tamu, bustani imenawiri, nina asumini mbili kwenye vyungu, mrihani, mlimau, na bamia. Lakini kila mwaka ikifika Mei roho inaniruka, mwaka jana asumini iliungua yote nikaikata nikijua itachipua, ikafa. Na Julai tunakuja nyumbani wiki tatu, hakuna wa kumwagilia. Niandae nini? – Binti Shangani

Waalaykum salaam mwanangu, afadhali wewe umeuliza mapema. Joto lenu huko ni jambo jingine, la kwetu tunalalamika kwa mazoea tu. Qurayyat hapo karibu na nyinyi, Juni 2018, usiku mzima kipimo hakikushuka chini ya nyuzi 42.6, yani ile ya chini kabisa ya siku nzima! Mmea unategemea usiku upumue, mchana unapika chakula, usiku unatumia kidogo unabakiza cha kukulia. Usiku ukiwa wa moto unakula akiba yote. Kwaiyo Juni mpaka Agosti usidai maua, dai uhai tu.

Waangalie wazee wa hukohuko walivyofanya kwenye mashamba ya falaj, ile mifereji ya kale (mitano imeingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, mmojawapo Falaj Daris wa Nizwa). Mitende juu, chini yake ndimu na malimau, chini kabisa majani ya mifugo. Hakuna kinachosimama peke yake juani isipokuwa mtende. Wewe huna mtende kwenye kibaraza lakini una mlimau, basi asumini na mrihani vikae ubavuni mwake, upande wa mashariki, na neti juu. Bamia ivune mpaka Mei alafu iache iende, mbegu mpya weka Septemba mwishoni. Shina la mlimau lipake chokaa upande wa magharibi, jua la alasiri linapasua ganda.

Ya asumini ilinifikirisha. Majani yaliyoungua usiyakate kipindi cha joto. Yanatia uchungu kuyaangalia najua, lakini ndo mwavuli wa vijiti vilivyo hai chini yake, ukikata unamvua nguo mgonjwa, na pia unamwamsha achipue machipukizi laini ambayo siku mbili yameungua na akiba imeisha. Kwangua gome kidogo kwa ukucha, chini kukiwa kijani yuko hai. Subiri Oktoba.

Kwa safari tafuta mtungi wa udongo usiopakwa rangi wala kung'arishwa, huko souk ya Nizwa utaupata. Hamisha asumini zote mbili na mrihani kwenye beseni moja kubwa au kisanduku cha mbao, fukia mtungi katikati mpaka shingoni, panda vitu vyako shubiri moja toka kwenye mtungi, jaza maji. Udongo ukikauka unavuta maji kupitia kwenye ubavu wa mtungi, ukilowa unaacha, wenyewe tu. Ujaribu kuanzia Aprili ukiwepo, uhesabu siku ngapi unaisha, maana wiki tatu za Julai mtungi mmoja hautoshi, utahitaji jirani aje kuujaza, lakini kuujaza ni kazi ya dakika moja, jirani atakubali kuliko ukimwachia ratiba ya kumwagilia. Ufunike na kigae, maji yasipae na mbu wasiingie. Maji yawe ya bomba, ya chumvi yanaziba vinyweleo (Baba Mapacha hii haikufai, samahani).

Na ukija Julai niletee kitawi cha mrihani wa huko nione kama harufu ni ileile. Asumini hapa kwangu ziko, kikuba nitakusukia mwenyewe.